Fundo Lililofungwa Kinyume

Mwizi aliyeiba daftari la kileleni katika ofisi ya waongozaji alikuwa na adabu zake. Alifungua skrubu nne za komeo la kabati, akazipanga mezani kama mtu anayetarajia kuzirudisha, akatoa daftari. Kisha akafunga vishikio vya kabati kwa kipande cha kamba nyembamba, ili milango ya kioo isije ikapigwa na upepo ikavunjika.

"Mwizi gani huyu anayehurumia kioo?" Inspekta aliuliza.

Koplo wake alikuwa akipaka kabati unga wa alama za vidole huku amebana pumzi. Kwenye benchi aliketi Mzee Kamba, mkuu wa waongozaji wa wapandaji mlima, mkongojo katikati ya magoti, akitazama pale palipokuwa na daftari.

"Alama zipo, Afande," koplo alisema. "Ila ni za glovu za sufu."

"Nani hapa mjini ana glovu za sufu?"

"Mimi ninazo. Na wewe umezivaa sasa hivi."

Inspekta alizitazama glovu zake, akaficha mikono nyuma. Mji ule ulikaa miguuni mwa mlima wenye theluji mwaka mzima, na hata watoto wachanga walivalishwa sufu. Alihamishiwa huko miaka miwili nyuma na mtu ambaye hakuwahi kusoma jalada lake vizuri, kwa sababu Inspekta aliogopa kwenda juu. Si juu ya mlima tu. Alipofika kituoni alikuta ofisi yake imetayarishwa ghorofani, na siku hiyohiyo akaihamishia chini, kati ya stoo na mahabusu. Tangu hapo mji mzima ulimwita Afande Sakafu.

Alitoa kijitabu chake, akamgeukia mzee.

"Daftari lenyewe lina nini cha kuibwa?"

"Majina, Afande. Kila anayefika kileleni anaandika jina lake, njia aliyopitia na saa aliyofika; mwaka ukiisha, daftari linateremshwa hapa. Anayefika bila kuandika, hajafika."

"Kwa ajili ya sifa?"

"Kwa ajili ya uhai. Mtu akipotea, waokoaji wanaanza na daftari. Linawaambia alipita wapi. Hapa mtoto anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kuhesabu."

Ukutani ilining'inia ramani ya mlima, njia zake zimechorwa kwa rangi. Njia ya Watalii ilipanda polepole upande wa mashariki. Njia ya Barafu ilipita kaskazini. Upande wa pili, mstari mwekundu ulipanda wima karibu moja kwa moja. Huo ulikuwa Mgongo wa Magharibi, na katikati yake palikuwa na jabali laini lisilo na pa kushika. Wenyeji waliliita Kipara.

"Daftari lililoibwa ni la miaka ishirini na tisa iliyopita," koplo alieleza, maana yeye alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapo. "Ndani yake mna saini ya Mzee. Ndiye wa kwanza kupanda Mgongo wa Magharibi, tena peke yake. Leo ni Jumatano. Jumamosi watu wa ramani wanakuja kutoka makao makuu. Wakiiona saini kwa macho yao, njia itaandikwa kwa jina lake kwenye ramani zote. Wasipoiona, basi tena."

"Nimewaandikia mwenyewe," Mzee Kamba alisema. "Niliwaomba wasome kila ukurasa, tangu jalada hadi jalada."

Inspekta alikata kile kipande cha kamba kwa uangalifu, fundo likiwa zima, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo. Akamwonyesha mzee.

"Fundo hili unalijua?"

Mzee Kamba aliutwaa mfuko. Alilitazama fundo muda mrefu kuliko fundo linavyostahili kutazamwa.

"Fundo la nane," alisema mwishowe. "Na fundo dogo la kinga mwishoni. Tunawafundisha waongozaji wote. La kawaida tu." Akakohoa. "Unajua, Afande, pengine tuliache hili jambo. Daftari kuukuu. Nani ana haja nalo?"

Dakika kumi nyuma alikuwa karibu kulia. Inspekta aliandika hilo kwenye kijitabu, akalipigia mstari chini.

Walipotoka nje koplo alimvuta kando.

"Afande, si la kawaida. Sisi sote tunazungusha mkia wa kamba kulia. Huyu amezungusha kushoto. Na angalia, mwizi yuko mbioni, roho mkononi, lakini hakuondoka mpaka amefunga fundo la kinga! Huyo ni mpandaji. Mpandaji hata akifunga mfuko wa sukari lazima aweke kinga."

"Mpandaji anayetumia mkono wa kushoto," Inspekta alisema taratibu. "Yupo?"

Koplo alisita. "Yupo mmoja."

*

Vidole Vinane aliingia chumba cha mahojiano siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, akiwa tayari amekasirika. Baridi ya mlimani ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia ujanani mwake, na tangu hapo alishika kila kitu kwa kushoto, kuanzia kijiko hadi kinyongo. Kinyongo chake kikubwa kilikuwa dhidi ya Mzee Kamba. Yeye mwenyewe aliujaribu ule Mgongo mara nne na kurudishwa na Kipara mara nne.

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Mlimani. Nilipanda hadi kibanda cha wapandaji kupeleka chumvi na mishumaa."

"Shahidi?"

"Mama wa Kibandani angekuwa shahidi, lakini hakuwepo. Nikakuta mlango umefungwa. Nikaacha mzigo mlangoni, nikashuka na njaa yangu."

Inspekta na koplo walitazamana. Mama wa Kibandani alikuwa mke wa Mzee Kamba. Alizaliwa kwenye kibanda hicho, akakirithi kwa baba yake, na msimu wa wapandaji ukianza hakuteremka mpaka uishe. Chumba cha mumewe mjini alikiona mara mbili kwa mwaka.

"Katikati ya msimu? Asiwepo?"

"Mimi nasema nilichokiona."

"Ulifurahi daftari lilipopotea?"

"Sana. Nilinunua keki."

"Kwa hiyo unakiri?"

"Nakiri keki."

Inspekta alimsukumia kipande cha kamba. "Funga fundo la nane."

Vidole Vinane alikunja uso, akashika kamba kwa kushoto, akasaidia kwa ule wa kulia wenye upungufu, akafunga. Lilikuwa fundo zuri, lenye kinga yake mwishoni. Mkia ulizunguka kulia kama wa waongozaji wote.

"Mbona hukufunga kwa kushoto?"

"Nilijifunza kabla vidole havijakatika, Afande. Vilivyokatika ni vidole, siyo akili." Aliinuka nusu. "Na mimi sihitaji kuiba daftari. Nataka Kamba aandikwe huko kwenye ramani, ili kila siku nikipita nimtazame nipate hasira ya kupanda mara ya tano."

Ilikuwa sababu ya ajabu ya kutokuwa mwizi, lakini Inspekta aliiamini. Hata hivyo alibi, yaani ushahidi kwamba mtu alikuwa kwingine, ni alibi, na iliyokuwa mbele yake ilisema mama asiyeondoka kibandani aliondoka. Mtu mmoja tu angeweza kuithibitisha.

"Nani wa kupanda kumuuliza?" alisema, akitazama dari.

"Mahojiano ya shahidi hufanywa na mpelelezi wa kesi," koplo alisema. "Ndivyo kanuni inavyosema."

"Najua kanuni inavyosema."

"Ni mwendo wa saa mbili tu. Na ngazi moja."

"Ngazi ya namna gani?"

Koplo alianza kupanga majalada ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

*

Ilikuwa ngazi ya chuma ya vipago arobaini, imepigiliwa kwenye ukuta wa mwamba, kibanda kikiwa juu yake.

Ijumaa asubuhi Inspekta aliipanda amefumba macho, paji la uso limegusa chuma, huku koplo akimhesabia kutoka chini yake. Alipofika kumi na saba alitangaza kwamba amejiuzulu kazi. Ishirini na tano akaifuta barua. Arobaini akatambaa juu ya mwamba kwa tumbo, na kitu cha kwanza alichokiona ni viatu vikubwa vya kike na ncha ya aproni.

"Shikamoo, mama," alisema akiwa bado chini.

"Marahaba, baba. Inuka, mawe yana baridi."

Mama wa Kibandani alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kubembelezea watu waliochoka. Aliwaketisha karibu na jiko na kuwamiminia supu kabla hawajaomba. Jikoni kila kitu kilikuwa na ndoano yake. Kwenye rafu tu, sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa imefunikwa kifudifudi, na juu yake limewekwa jiwe.

"Mama, Jumanne jioni ulikuwa hapa?"

"Nitakwenda wapi, baba?"

"Vidole Vinane alifika?"

"Eh! Maskini. Mmemshika? Mwachieni. Alikuja na chumvi na mishumaa, nikampa supu. Akala sahani mbili, akaniaga vizuri."

Koplo aliacha kutafuna. Inspekta akaweka kijiko chini. Mshukiwa alisema alishuka na njaa yake. Shahidi amemshibisha sahani mbili. Katika miaka yake yote ya upelelezi Inspekta alizoea mashahidi wanaodanganya ili kumfunga mtu. Huyu alidanganya ili kumfungua, na akapitiliza.

Aliamua kulitafakari jambo hilo akiwa kwenye ardhi ya tambarare. Koplo alitangulia kushuka, haraka, karibu anaimba. Inspekta alisimama ukingoni na miguu ikakataa amri.

"Mbio za sakafuni, Afande!" koplo alimpigia kelele kutoka chini. "Zimeishia ukingoni!"

"Nyamaza wewe, koplo!"

"Ngoja nikufunge kamba, baba," Mama wa Kibandani alisema. "Wengi wanapanda vizuri, kushuka ndiyo kazi. Mpanda ngazi hushuka, lakini hawakusema atashuka vipi."

Alimzungushia kamba kiunoni, akafunga kwa mivuto miwili ya haraka bila kutazama, akapitisha ncha nyingine kwenye nguzo ya chuma na kujizatiti. Inspekta aliteremka kipago cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Alijiapiza asitazame chini, asitazame kando, asitazame anga. Pa kutazama pakabaki kiunoni mwake tu, basi akapakazia macho.

Pale kiunoni palikuwa na fundo la nane. Mwishoni lilikuwa na fundo dogo la kinga. Na mkia wake ulizunguka kushoto.

Siku tatu alikuwa amelala na kuamka na fundo lile. Angelijua hata gizani. Alielewa kila kitu kwa mara moja, na alichokielewa zaidi ni kwamba pale hapakuwa mahali pa kumkamata mtu aliyeshika kamba yako.

Lakini kazi ni kazi.

"Mama," aliita.

"Naam, baba. Taratibu tu."

"Fundo hili ulijifunza wapi?"

Kamba haikulegea, na kwa hilo alishukuru.

"Kwa mume wangu. Mwaka tuliooana. Tulikaa mezani, yeye upande wake, mimi wangu."

"Mmetazamana?"

"Tumetazamana. Nikawa nafuata mikono yake kama ninavyoiona. Kulia kwake kukawa kushoto kwangu. Tulipogundua, mkono ulishazoea."

"Mama, uko chini ya ulinzi."

"Sawa, baba. Nikuachie?"

"Usiniachie!"

"Basi sawa."

"Hulazimiki kusema neno lolote," Inspekta alianza, amekumbatia ngazi kama ndugu aliyerudi kutoka safari, "ila utakalosema laweza kutolewa mahakamani kama ushahidi. Na ushike kamba kwa mikono miwili. Daftari liko wapi?"

"Chini ya sufuria kubwa. Linakauka."

"Linakauka nini?"

"Gundi. Nilipika ya unga wa ngano. Jumanne niliteremka na shuka za kufua, nikafungua kabati kwa kisu cha mezani, nikalichukua. Nilitaka kugandisha kurasa mbili za mwisho, kisha leo nilirudishe kabla ya wageni. Skrubu si nilizipanga?"

"Ulizipanga. Kwenye kurasa hizo kuna nini?"

Chini kabisa koplo alikuwa ameketi juu ya jiwe, kijitabu mkononi, akiandika kila neno.

"Mimi," Mama wa Kibandani alisema. "Kuna mimi."

Na pale pale, mshukiwa juu na mpelelezi akining'inia, akaeleza. Mwaka ule bwana arusi wake alitangaza ataupanda Mgongo wa Magharibi peke yake. Mji ulimcheka, maana mpaka hapo alikuwa hajawahi kufaulu kitu. Yeye hakucheka. Alikulia kwenye mwamba ule, alikijua Kipara, na alijua mumewe ataning'inia pale mpaka mikono imwishe. Mume alipoteremka mjini siku mbili kununua viatu, mke akachukua kamba ya baba yake. Alitaka kufika Kipara tu, akafunge kitanzi cha kushikia, arudi.

"Lakini juu ya Kipara kurudi ni kugumu kuliko kwenda mbele," alisema. "Nikajikuta kileleni. Saa nne asubuhi. Na ukifika lazima uandike, baba. Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka minne. Nikashindwa kuondoka bila kuandika. Basi nikafungua ukurasa wa mwisho kabisa, nikageuza daftari juu chini, nikaandika huko."

"Kwa hiyo wa kwanza ni wewe."

"Sitaki kuwa wa kwanza!" Kamba ilitikisika, na Inspekta akapiga ukelele mdogo. "Samahani, baba. Sikiliza. Goti lake limekufa. Macho yanakwenda. Watoto hatukujaliwa. Ana kitu kimoja tu duniani, ule mstari mwekundu. Naye masikini akawaandikia watu wa ramani wasome kila ukurasa! Nimnyang'anye na hicho? Afadhali niitwe mwizi."

Sauti yake ilikatika hapo. Inspekta, ambaye wezi wengi walimlilia bila kumgusa, aliona macho yake mwenyewe yamelowa, akasingizia upepo.

"Mbona hukuchana ukurasa tu?"

"Daftari la kileleni halichanwi!" alisema mwizi kwa hasira ya haki kabisa.

Akamshusha polepole vipago vyote vilivyobaki. Kisha akaingia ndani, akazima jiko, akafunga mlango, akateremka yeye mwenyewe daftari likiwa kwapani, kwa mkono mmoja, akiongea na koplo njiani juu ya bei ya shuka.

*

Jioni ya Ijumaa Mzee Kamba aliitwa kituoni. Alimkuta mkewe kwenye kiti cha washtakiwa, daftari mezani, na Inspekta amesimama mbele yao na jalada la kesi ambalo hakujua ataanzaje kulisoma.

"Mzee, mwizi wa daftari..."

"Ni mke wangu," Mzee Kamba alisema. "Najua tangu Jumatano. Uliponionyesha fundo."

Mama wa Kibandani aliinua kichwa ghafla. "Ulijua?"

"Dunia nzima yuko mtu mmoja anayefunga fundo lile kinyume. Nililisuka kosa hilo mwenyewe." Alijishusha kwenye kiti kilicho karibu naye, mkongojo ukaanguka, hakuuokota. "Na siyo mara ya kwanza kuliona. Miaka ishirini na tisa iliyopita nilifika Kipara, mikono imeniishia. Nikasema basi, hapa ndipo. Nikapapasa. Nikashika kitanzi. Fundo lake linakwenda kushoto."

Koplo aliacha kuandika.

"Nilijivuta kwa kitanzi hicho nikiwa nalia," mzee aliendelea. "Kileleni nikatafuta jina lako kwenye daftari. Nilijua lazima umeandika, wewe huwezi kuacha. Nililipata nyuma."

"Na hukusema?"

"Nilisubiri useme wewe. Mwaka wa kwanza nikasema atasema. Mwaka wa pili watu wakaanza kuniita shujaa, nikaona haya. Kila mwaka maneno yakawa mazito zaidi mdomoni. Ndiyo maana nikawaandikia watu wa ramani wasome kila ukurasa. Nilitaka walione wao, waliseme wao, mimi nisimame tu pale nikubali. Woga, mke wangu. Woga mtupu."

"Na mimi nikapika gundi," Mama wa Kibandani alisema.

"Na wewe ukapika gundi."

Walitazamana vilevile kama siku ile ya mezani, yeye upande wake na yeye wake. Kisha mke akaanza kucheka, mume akafuata, wakacheka mpaka mahabusu wa chumba cha pili akagonga ukuta akiuliza kuna nini.

Inspekta alikohoa. "Mlalamikaji, unaendelea na malalamiko?"

"Nayafuta."

"Basi hakuna kesi. Kuna kurasa mbili zilizogandana, na wageni wanafika kesho."

Koplo alileta birika la chai la kituo. Inspekta mwenyewe alilishika daftari juu ya mvuke, mkono imara, maana birika lilikuwa chini mezani. Gundi ya unga ililegea. Ukurasa ukajivua taratibu. Akaligeuza daftari juu chini, akasoma kwa sauti maandishi ya penseli ya msichana wa miaka ile.

"'Nimefika kwa Mgongo wa Magharibi. Saa nne asubuhi. Upepo kidogo. Mume wangu asiambiwe.'"

Mzee Kamba aliomba kalamu. Inspekta akampa ya kwake, ile ya kuandikia maelezo ya washtakiwa. Mzee aliinama karibu sana na karatasi, kwa sababu ya macho, na chini ya mstari ule akaandika maneno mawili, polepole, kwa herufi kubwa za mtu anayesaini hati.

"WA PILI."

Kisha akaweka jina lake.

"Mwandiko wako haujawahi kunyooka," mkewe alisema, na akajifuta macho kwa ncha ya aproni.